Chai Ndani ya Mpira

Nilisikia vizuri kabisa, kwa hivyo mtu asije akaniambia nilikosea. Mwezi jana, siku tulipomzika Mzee Njeru kwake Embu, nilikaa mstari wa mbele. Ningekaaje nyuma? Hema lilikuwa langu, viti vilikuwa vyangu, na ile barabara ya kuteremka hadi kwake, ambayo mvua ilikuwa imeikata, niliitengeneza mimi kwa katapila yangu siku mbili kabla ya mazishi. Bwana Gitonga akainuka na fimbo yake na suti yake ya kijivu, akapewa kipaza sauti kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wetu wa mjengo zamani kule Timau. Akasema Njeru alikuwa fundi wa mkono, si wa karatasi. Sawa, hilo ni kweli. Kisha akatabasamu, akasema, "Huyu mzee wetu alikuwa na shida moja tu, na leo tumsamehe. Alipenda chai." Watu wakacheka. Hakuna mtu mzima katika nchi hii asiyejua hiyo ni chai ya namna gani: si ya kunywa, ni ile ya kupitisha chini ya meza. Mjane wake, Mama Wanja, hakucheka. Aliangalia viatu vyake. Na mimi, Kobia wa Kangeta kule Meru, niliyesimamisha ghorofa tano Maua na hosteli nne Nchiru na maghala ya watu wakubwa mpaka upande wa Isiolo, masikio yaliniwaka moto, kwa sababu katika hema lile lote ni mimi peke yangu niliyejua ile ilikuwa chai gani. Ilikuwa ya maziwa. Na ilikuwa na sukari.

Siku hizi nasikia wanatangaza kila mahali mafunzo ya kazini, mafunzo kwa vitendo, kama watu waliogundua moto. Vijana wa chuo wanakuja kwa mijengo yangu Nchiru na barua zao na helmeti mpya, na kila mmoja ana kitabu cha kuandika alichojifunza wiki hiyo. Mimi nawafunza. Mwaka jana kulikuwa na msichana mmoja mwerevu sana, alikaa nami miezi mitatu, akajua kupanga chuma cha bimu kuliko mafundi wangu wawili. Nikamtilia sahihi kitabu chake kwa herufi kubwa. Chuo kikakirudisha. Eti aliyetia sahihi hana cheti. Nilikaa juu ya mfuko wa simiti nikacheka, halafu nikaacha kucheka. Mtu aliyechora ile hosteli alikuja saiti mara mbili, na mara moja kati ya hizo mbili alikuwa anatafuta choo! Baadaye kukatokea ofisi nyingine inayotaka kutupatia karatasi sisi tuliojifunzia juani. Nikaletewa fomu. Jina. Kazi. Miaka. Halafu kuna mahali wameuliza: Nani alikufunza? Nikaandika: Mimi mwenyewe. Hata sikusita. Nimesema hivyo kanisani, nimesema harambee, nimesema kwa harusi ya binti yangu mbele ya wakwe: mimi sikufunzwa na mtu. Watu hupenda kusikia hivyo. Wanapiga makofi.

Basi wacha nieleze mwaka niliofunzwa.

Tulikuwa tunajenga ghala la ngano Timau. Kama hujawahi kuamka Timau huijui baridi, unasikia tu habari zake. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, darasa la saba nililiacha katikati, na kazi yangu ilikuwa kubeba karai. Wafanyakazi wengi walikuwa wa hapo hapo, jioni walirudi kwao. Mimi wa Kangeta na Mzee Njeru wa Embu hatukuwa na pa kwenda, kwa hivyo tukapewa chumba kimoja cha mabati kando ya stoo. Upepo wa mlima uliingia kila mahali. Njeru alichukua karatasi za mifuko ya simiti, akazikunja akaziba kila ufa, polepole, kwa mpangilio, kama mtu anayejenga ukuta ndani ya ukuta, na alipomaliza akaniambia hilo ndilo somo la kwanza: kabla hujajengea tajiri, jijengee pa kulala. Alikuwa mtu mfupi, mweusi tititi, mikono mipana kama sepeto. Alitafuna muguka, yale majani ya Embu ya kuchangamsha, na mimi, mtoto wa Kangeta, nilicheka muguka wake. Kwetu hicho ni chakula cha mbuzi. Yeye akasema Wameru ni watu wa ajabu, wanakaa mlima mzima wenye rutuba halafu wanatafuna kijiti cha miraa, na kwamba yeye angalau anatafuna jani, jani ni mboga. Tulibishana hivyo mwaka mzima. Mpishi wetu, Kananu, alipika githeri, mahindi na maharagwe, mchana, na asubuhi alikuwa na sufuria moja kubwa ya chai. Ukitaka turungi, yaani ile isiyo na maziwa, ulijitengenezea, na Kananu alikuangalia kama mtu aliyefiwa na ng'ombe. Njeru peke yake ndiye aliyekunywa turungi. Alikuwa na chupa yake, aliijaza kabla ya watu wote kuamka, na mimi nilidhani maziwa yanamsumbua tumbo.

Nani aliniambia nitakuwa fundi? Si mwalimu, na si Gitonga, ambaye alitembea na diploma yake kana kwamba imeshonwa kwa koti. Ni Njeru. Siku moja aliniona nikifinya mchanga kwa mkono kabla ya kuumwaga, bila kuambiwa na mtu, kwa sababu nilikuwa nimemwona akifanya hivyo. Akanishika kiganja akakifungua. Kilikuwa kimebaki na udongo. Akaniuliza udongo huo unasema nini. Nikasema unasema mchanga huu ni mchafu, simiti haitashika. Akasema kuanzia kesho utashika mwiko nusu siku, na karai nusu siku. Ndivyo nilivyosoma. Nilijifunza kona kwa kamba yenye mafundo: tatu, nne, tano, ukizivuta zikakaza, kona imenyooka, na hakuna profesa atakayeinyoosha zaidi. Nilijifunza kugonga jiwe nikasikiliza. Jiwe zima hulia, lenye ufa hukohoa. Nilijifunza kwamba zege ni kama uji wa mgonjwa, ukizidisha maji umemwua. Na nilijifunza mpira.

Mpira ulikuwa mali yake, mrefu kama hatua thelathini, wa plastiki, uliozeeka ukawa na ukungu. Ukiujaza maji, ukashika ncha moja hapa na mwenzako akashika nyingine kule kona ya mbali, maji ya huku na maji ya kule yatasimama usawa mmoja. Njeru alisema maji hayana ukabila: ncha moja ikiwa Meru na nyingine Embu, yatakubaliana. Lakini hewa ikikwama katikati, maji husema uongo, na husema kwa uso mkavu kabisa. Kwa sababu mpira ulikuwa umefifia, maji matupu hayakuonekana, na kwa ukungu wa Timau ndiyo kabisa. Ndiyo maana kila asubuhi ya kupima aliyatia rangi kwa turungi kutoka chupa yake. Mimi niliona rangi tu. Sikuwahi kuona ikitiwa, maana aliujaza mpira kabla sijatoa kichwa ndani ya blanketi.

Asubuhi tuliyoweka vigingi vya msingi, lori la simiti lilifika mapema na Gitonga akamwita Njeru akahesabu mifuko. Njeru akanipigia kelele akiwa kwa lori: nijaze mpira, na niweke chai kidogo. Nilijisikia mtu. Nilijaza maji. Nikaenda kwa Kananu nikamwambia fundi anataka chai ya kazi, naye hakuuliza, akanichotea vikombe viwili vya moto, na utando wa maziwa juu. Kwetu mtu akisema chai, amesema chai. Nani Kangeta anaita maji ya majani chai? Nikamimina vyote viwili. Kidogo ni ya maskini.

Njeru alirudi akiwa na haraka, akashika ncha yake, mimi yangu. Akasema leo rangi imepauka. Nikasema ni ukungu. Kona ya kwanza, ya pili na ya tatu zilikuja sawa, chai ikiwa bado ina joto. Tulipofika ya nne, baridi ilikuwa imefanya kazi yake na yale mafuta ya maziwa yalikuwa yameganda humo ndani, na nyuma yake hewa imekaa kama mpangaji. Tukaweka kigingi. Tukamwaga zege. Tukapandisha ukuta hadi lenta, juu ya milango, miezi miwili, na ukuta ulikuwa mzuri, nausema leo kama fundi, ulikuwa mzuri. Halafu injinia wa mwenye shamba akaja na mashine ya miguu mitatu, akachungulia, akachungulia tena, akasema kona ya nne iko chini inchi mbili.

Njeru hakubishana. Alikuja chumbani kwetu, akautoa mpira uvunguni mwa kitanda, ulikolala tangu siku ya vigingi, akaweka mdomo akapuliza mpaka shingo ikasimama mishipa. Kutoka katikati yake kikaruka kidonge cheupe kilichokauka, kama ugali. Akakiweka kiganjani akakiangalia jinsi alivyoangalia mchanga. Akaniuliza niliweka chai gani. Nikasema chai. Ya maziwa? Nikasema, si chai ndiyo hiyo, fundi? Aliketi kitandani akacheka mpaka akakohoa. Akasema mjinga ni yeye, mtu mzima wa Embu, kumwambia Mmeru chai na kutarajia atasikia turungi. Mimi sikucheka. Nilimwuliza tutafanya nini. Akasema kosa la anayefunzwa ni la anayemfunza, hivyo ndivyo yeye alivyofunzwa, na kona inaweza kuinuliwa kabla ya paa. Ni kazi ya wiki moja. Akavaa kofia akaenda kumweleza Gitonga.

Ofisi ya Gitonga ilikuwa ya mabati kama chumba chetu, ila yake ilikuwa na dirisha. Nilipita pale nikiwa na karai la zege begani, na nikasimama. Sikusimama kwa bahati. Nilitaka kusikia.

Gitonga alikuwa anasema kona imezama kwa sababu zege ilikuwa dhaifu, na zege ilikuwa dhaifu kwa sababu simiti ilikuwa inapungua stoo, na alitaka kujua simiti inaenda wapi.

"Kona haijazama, bwana," Njeru akasema. "Kona ilizaliwa chini. Shida ni chai."

Nikasikia kalamu ikiwekwa mezani.

"Chai."

"Chai, bwana. Iliingia kwa kazi."

"Nani alikula?"

"Hakuna mtu alikula. Iliwekwa kwa mpira. Ya maziwa."

"Njeru, unaniona mjinga? Chai ya maziwa kwa mpira? Mimi nimesoma." Kiti kikasukumwa. "Ni nani aliweka? Nitajie jina, nitakuacha ukae."

Kutoka niliposimama mpaka mlangoni zilikuwa hatua tano. Nazijua, nimezihesabu mara nyingi kuliko nilivyohesabu matofali. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na jina, na yule mzee alikuwa amesimama mbele ya mtu mwenye umri wa mtoto wake akisubiri. Ningeingia tu na karai langu. Lakini wiki hiyo hiyo Gitonga alikuwa ameniambia anatafuta kijana wa kumpandisha, na nililiona jina langu likining'inia pale kama nguo kwa kamba.

"Neno lilitoka kwangu," Njeru akasema. "Mimi ndiye nilisema iwekwe."

"Kwa hivyo unakubali kulikuwa na chai."

"Nakubali, bwana."

Alipotoka alinikuta. Aliniangalia usoni, akaangalia karai. Akasema, "Kobia, zege itashika. Peleka."

Nikapeleka.

Kesho yake asubuhi alikunja mpira akautia begani, akateremka kwenda lami, na kabla ya saa nne Gitonga akanipa mwiko wa siku nzima na kikundi cha watu sita. Akawaambia wafanyakazi wote kwamba Njeru alikuwa akila chai na amekiri mwenyewe. Simiti iliendelea kupungua. Iliondoka kwa pikapu yake Gitonga, chini ya magunia ya ngano, na mimi niliona, na nikanyamaza mara ya pili. Ukishanyamaza mara moja, ya pili haina uzito. Ile kona tuliinua, kwa wiki moja, kama alivyosema. Kila kitu nilichofanya pale Timau, na Maua, na Nchiru, nilikifanya kwa mikono ya Njeru. Yeye, lile neno lilimtangulia. Wakandarasi wa Meru na wa Embu ni watu wanaojuana, na hakuna aliyetaka fundi wa chai kwa slabu. Nilisikia anajenga vibanda vya kuku na vyoo vya watu wa kijijini kwake. Nilimpelekea blanketi na sukari kila Krismasi, kwa mkono wa dereva. Mwenyewe sikwenda. Ningesema nini, mimi ambaye sikufunzwa na mtu?

Basi pale hemani, watu wakiwa bado wanacheka, nikainuka. Mwenye kuendesha ratiba akaninong'oneza kwamba wasemaji wamekwisha na mchungaji anasubiri. Nikamwambia mchungaji atanisubiri, amekaa kiti changu. Nikachukua kipaza sauti.

"Hiyo chai ilikuwa ya maziwa," nikasema. "Ilikuwa ya kikombe. Ilipikwa na Kananu, na niliimimina mimi Kobia ndani ya mpira wa kupimia, kwa sababu sikujua kazi. Njeru hakula kitu cha mtu. Alifukuzwa kwa kosa langu, na mimi nilikuwa nje ya dirisha na mdomo wangu."

Wengine walicheka tena, wakidhani nimeleta mzaha wa Wameru na maziwa yao. Nikaeleza upya, polepole, mpira, utando, kona ya nne, mpaka wakanyamaza. Gitonga akasema, bila kuinuka, "Kobia, hayo ni mambo ya zamani."

"Na simiti, Bwana Gitonga? Hiyo nayo ni ya zamani?"

Alishika fimbo yake kwa mikono miwili. Na mimi nakubali nilikuwa nimejaa hasira tamu, ya kumwona hivyo mbele ya watu, na nikarudi kwa kiti changu nikitembea kama mtu aliyelipa kila kitu.

Baada ya mazishi Mama Wanja aliniita nyuma ya jikoni. Nilikwenda nikijua nitashukuriwa. Alikuwa amekaa kwa kigoda, leso begani, mama wa miaka mingi sasa, na hakuniambia niketi.

Akasema mwaka ule mzee alirudi na mpira akautundika jikoni, kwenye msumari juu ya kuni. Kesho yake asubuhi sisimizi walikuwa wamejipanga ndani yake, safu moja ndefu, kama watu wa kupiga kura. Akamwuliza kwa nini mpira wa maji una sisimizi. "Akaniambia ni chai. Chai ya kikombe, Mama Wanja, ndiyo imenifukuza. Mimi nikamwambia hata mtoto hawezi kudanganywa hivyo." Siku nyingine alianza kueleza tena, na mama akamwambia anyamaze, wanawe wanasikia. Hakurudia tena. Mpira mzee akauosha kwa maji ya moto mwenyewe, akautumia kunyweshea mboga.

"Nilikuwa nimemsamehe," akasema. "Unanisikia, Kobia? Kitambo sana. Niliomba, nikafunga, nikamsamehe kabisa. Na yeye akakubali nimsamehe."

Nilitafuta pa kuketi kwa macho, mimi mwenye viti vyote vya hema lile.

Akainuka akishika magoti, akanipita, akaenda mpaka kaburini, ambapo udongo ulikuwa bado mbichi na maua ya watu yamelala juu yake. Akasimama upande wa kichwani, akaanza kuongea. Kiembu mimi nakisikia vizuri, ni ndugu wa Kimeru. Nilisikia neno la kwanza, ambalo lilikuwa jina la mumewe, na la pili, ambalo lilikuwa chai. Nikageuka nikaenda kukunja viti.